Upepo Mkali na Radi: Jitayarishe Kabla Wingu Halijafika

Leo tuzungumze kuhusu upepo mkali, radi na mvua ya mawe.

Sisi wa Ziwa la Ng'ombe tunajua jinsi mabati yanavyolia usiku upepo ukivuma. Mvua ya mawe huku Pwani ni nadra, maana hewa yetu ya joto huyeyusha barafu kabla haijafika chini. Wanaoizoea ni watu wa Kericho na Nyahururu, ambako Septemba 2008 ardhi iligeuka nyeupe. Hatari yetu kubwa ni bati linaloruka, mti unaoanguka, waya wa umeme uliokatika, na radi.

Ukisikia tahadhari ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, shika mambo matatu: ni wapi, ni lini, na upepo una nguvu gani. Noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa, sawa na mwendo wa bodaboda barabarani. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, tulionywa mapema, kabla hakijafika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4.

Lakini dhoruba ya radi haikupi siku kadhaa. Hujijenga kwa muda mfupi, na tangazo haliwezi kutaja mtaa wako. Hapo angalia mbingu. Ukiona wingu jeusi, kisha upepo wa baridi ukaja ghafla, jua mvua i karibu. Mvua hupoza hewa ndani ya wingu, hewa hiyo ikaporomoka na kusambaa chini kwa nguvu.

Kwa hivyo, mama, siku ya tahadhari fanya haya kabla ya kwenda Kongowea sokoni:

1. Mwite fundi apigilie bati lililolegea. Jiwe juu ya paa si msumari. Upepo ukinyanyua bati, jiwe humwangukia mtu.
2. Patana na jirani mwenye nyumba ya mawe kwamba watoto watakimbilia kwake.
3. Mwambie mtoto mkubwa: "Wingu likiwa jeusi au ukisikia ngurumo, wachukue wadogo zako muende kwa jirani. Msinisubiri."

Ukisikia ngurumo, radi tayari inaweza kukufikia. Usijikinge chini ya mnazi wala mwembe. Usikimbilie nguo kambani. Nguo hufuliwa tena. Kaeni ndani, mbali na mlango, dirisha na mfereji. Mvua ya mawe ikikukuta njiani, mfunike mtoto kichwa na uingie nyumba iliyo karibu. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Wengine husema tufunike vioo, au kwamba nguo nyekundu huita radi. Si kweli. Wengine huogopa kumgusa aliyepigwa na radi. Mguse! Mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, huku mwenzako akipiga simu 999 au 112.

Upepo ukitulia, usimwache mtoto atoke mbio. Waya ulioanguka usiguswe hata kama unaonekana hauna umeme. Wazuieni watu na mpige simu Kenya Power. Mvalishe mtoto viatu, maana misumari hutapakaa. Akichomwa au akikatwa na bati, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha mpeleke kliniki na kadi yake, aangaliwe kama anahitaji sindano ya pepopunda. Usingoje kidonda kivimbe.

Mama, upepo hatuwezi kuuzuia. Lakini mtoto anayejua pa kukimbilia hatakaa mlangoni akilia akikungoja. Mwambie leo jioni, kisha umwambie arudie. Tahadhari kabla ya hatari.