Je, Wajua? Ukipanda Mbizi, Ziwa Rukwa Liko Chini Yako

Je, wajua kwamba mji wa Sumbawanga, nchini Tanzania, uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari? Ndiyo maana asubuhi za Juni na Julai watu hutembea na makoti mazito.

Jirani na mji ipo Milima ya Mbizi, inayozidi mita 2,000. Mpandaji hupita kwenye nyasi fupi zinazopigwa na upepo, kisha huingia kwenye msitu wenye ubaridi. Humo wanaishi mbega wekundu, jamii iliyo hatarini kutoweka. Mkono wa mbega una vidole vinne tu vya kushikia. Gumba lake ni kinundu.

Ukifika ukingoni mwa milima, ardhi inakatika. Ziwa Rukwa liko zaidi ya mita 1,000 chini yako, kwa sababu Bonde la Ufa lilididimia na nyanda za Ufipa, ulipo mji na milima hiyo, zikabaki juu.

Msitu huo pia ni chanzo cha maji ya Sumbawanga. Basi ukienda, pata kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, chukua mwongozaji, wala usiwashe moto.