Koo Huzeeka, Ufundi Haustaafu

Katika mabwalo ya askari, jioni kazi inapokuwa imekwisha na redio imefunguliwa, hayakosekani mabishano juu ya waimbaji. Mmoja husikia sauti ya mwimbaji mzee na kusema kwamba huyo amekwisha, heri angebaki nyumbani. Mwenziwe hujibu ya kwamba sauti si kitu, la maana ni moyo. Mabishano hayo hurudi kila mara bila kupata mwamuzi. Leo tumekusudia kuyatazama kwa makini, kwa sababu ndani yake mna swali linalomhusu kila mtu aliyevaa sare: mwili unapoanza kupungukiwa na nguvu, ni kitu gani kinachobaki katika kazi ambayo mtu amejifunza kwa miaka mingi?

Mfano wetu tunautoa mbali, mjini New York, nchini Marekani, katika majumba ya michezo yajulikanayo kwa jina la Broadway. Huko huchezwa michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Mchezaji husema, hutembea, hucheza ngoma na kuimba, na desturi ni kurudia mchezo ule ule mara nane kwa juma. Katika miaka ya 1950 mchezaji hakuvaa kipaza sauti mwilini kama ilivyo siku hizi. Ilimpasa aifikishe sauti yake kwa mtu aliyeketi kiti cha nyuma kabisa, tena bila kupiga kelele.

Katika kazi hiyo ndimo alimoinukia Bibi Barbara Cook. Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1927 katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, na mwaka 1948 akaenda New York kutafuta riziki kwa sauti yake. Sauti hiyo ilikuwa ile ambayo katika kwaya zetu huitwa sauti ya kwanza, nyembamba, safi na yenye kupanda juu sana. Mwaka 1956 alipewa nafasi ya Cunegonde katika mchezo wa Candide, uliotiwa muziki na Leonard Bernstein. Wimbo mkuu wa mhusika huyo hupanda hadi kwenye noti ambazo kwa kawaida huachiwa waimbaji wa opera. Mchezo wenyewe haukudumu, kwani ulifungwa baada ya maonyesho 73 tu, lakini waliousikia walimjua Bibi Cook tangu siku hizo.

Mwaka uliofuata alicheza katika The Music Man. Hiki ni kisa cha mlaghai aingiaye katika mji mdogo akiwauzia wazazi tarumbeta na sare kwa ahadi ya kuwaundia watoto wao bendi, na hali yeye mwenyewe hajui muziki. Bibi Cook alikuwa Marian, mtunza maktaba anayeugundua ulaghai huo. Mchezo ulionyeshwa mara 1,375, naye akapata tuzo ya Tony, ambayo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika kazi hiyo. Mwaka 1963 akacheza katika She Loves Me, na wengi waliamini kwamba njia yake imekwisha kunyooka.

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sauti ile haikuelea kwa bahati. Mwimbaji hupumua kwa msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, akaitoa pumzi kidogo kidogo kama mtu anayegawa maji ya chupa moja katika safari ya siku nzima. Hujifunza kulegeza taya na shingo ili koo lisijikaze, na kuielekeza sauti ivume katika nafasi za kinywa na uso. Hayo hayafanyiki kwa kusoma kitabu. Hurudiwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, hata yakawa tabia. Kuruta aliyefundishwa kufungua na kufunga bunduki gizani ataelewa neno letu. Mkono wake umejifunza, na akili yake imekuwa huru kutazama mengine.

Lakini mambo ya dunia hayaendi kama gwaride. Katika miaka ya 1960 ndoa ya Bibi Cook ilivunjika, na kazi ya majukwaani ikapungua. Akaingia katika huzuni nzito, akashikwa na pombe, na mwili wake ukanenepa mno. Mwaka 1971 alicheza katika mchezo wa The Grass Harp, nao ukafungwa baada ya siku chache. Mtu aliyekuwa amesifiwa kila mahali alifikia kuhesabiwa miongoni mwa waliokwisha. Tunalitaja jambo hili bila kulificha, kwa maana wapo kati yetu wanaoijua njia hiyo, na wapo waliowazika wenzao waliopotelea humo.

Aliyemwinua ni mpiga piano mmoja, Wally Harper, ambaye alianza kufanya kazi naye katikati ya miaka ya 1970. Mwezi wa Januari 1975 walisimama pamoja katika ukumbi wa Carnegie Hall. Bibi Cook alikuwa na umri wa miaka 47. Hakuwa na mhusika wa kumwigiza wala mavazi ya mchezo ya kujifichia, ila yeye, nyimbo zake na wasikilizaji. Onyesho hilo lilirekodiwa na likatolewa katika sahani ya santuri. Miaka miwili baadaye, mnamo 1977, aliacha pombe. Kazi yake pamoja na Harper ilidumu takriban miaka 30, hadi Harper alipofariki mwaka 2004.

Sasa tufike kwenye kiini cha mabishano yetu. Katika miaka hiyo 30 sauti ya Bibi Cook ilizeeka, kama inavyozeeka sauti ya kila binadamu. Nyuzi za sauti hupoteza unyumbufu wake, na misuli yake hupungua unene. Gegedu za koromeo hukakamaa na kuelekea kuwa mfupa. Kifua hakijai pumzi kama zamani. Kwa wanawake sauti huelekea kushuka, na noti za juu ndizo zinazotangulia kuaga. Mtetemo ambao ujanani ulikuwa wa haraka na wa kupendeza huweza kuwa mpana na wa polepole, hata msikilizaji akahisi sauti inayumba. Hakuna nidhamu inayoweza kuufuta uzee, kama vile hakuna mazoezi yatakayompa mtu wa miaka 60 magoti ya miaka 20.

Je, Bibi Cook alifanya nini? Kwanza, hakujidanganya. Nyimbo alizoziimba ujanani katika sauti ya juu alizishusha kidogo kidogo, kadiri umri ulivyodai. Pili, alichagua nyimbo ambazo maneno yake yana uzito, na akayaweka maneno mbele. Tatu, na hili ndilo kubwa, ufundi wake wa zamani hakuutupa. Pumzi iliyobaki aliigawa kwa uangalifu zaidi, kila neno likasikika, na mahali alipokuwa akipaza sauti sasa akaweza kunong'ona, nao ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza. Mwezi wa Januari 2006, akiwa na miaka 78, aliimba katika jumba la Metropolitan Opera mjini New York. Alikuwa mwanamke wa kwanza asiye mwimbaji wa opera kuandaliwa onyesho lake mwenyewe na jumba hilo.

Kuna wimbo mmoja utakaotufafanulia jambo hili kuliko maelezo mengi. Mwaka 1973 mtunzi Stephen Sondheim alikuwa akiuandaa mchezo wa A Little Night Music. Mwigizaji wake mkuu, Glynis Johns, alikuwa na sauti tamu yenye mkwaruzo mwepesi, lakini pumzi yake ilikuwa fupi na hakuweza kuivuta noti kwa muda mrefu. Sondheim hakumlaumu. Alimtungia wimbo wa Send in the Clowns kwa vifungu vifupi vifupi, vingi vikiwa maswali, ili mwimbaji apate nafasi ya kuvuta pumzi kila baada ya maneno machache. Upungufu wa mwimbaji ukawa umbo la wimbo, na wimbo huo ukavuma kuliko nyingine zote alizotunga.

Miaka 37 baadaye, mwaka 2010, Bibi Cook alirudi Broadway katika onyesho la nyimbo za mtunzi huyo huyo, lililoitwa Sondheim on Sondheim. Alikuwa na miaka 82. Miongoni mwa nyimbo alizopewa ulikuwamo huo Send in the Clowns. Tazama jinsi dunia inavyozunguka: mwanamke ambaye mwaka 1956 aliimba mojawapo ya nyimbo ngumu kuliko zote za Broadway, sasa alisimama na wimbo uliotungwa kwa ajili ya mtu mwenye pumzi fupi. Wimbo wenyewe ni wa mwanamke anayeyakumbuka mapenzi yaliyompita kwa kuchelewa. Binti wa miaka 25 anaweza kuuimba bila kukosea noti hata moja, lakini msikilizaji atajiuliza amechelewa wapi. Bibi Cook hakuhitaji kuulizwa swali hilo. Kwa kazi yake katika onyesho hilo alipendekezwa tena kuwania tuzo ya Tony, na mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa wasanii watano waliopewa heshima ya Kennedy Center mjini Washington.

Sasa tuwaamue wale waliokuwa wakibishana. Yule asemaye mwimbaji mzee amekwisha kwa kuwa hafiki juu tena, anapima kisima kwa urefu wa kamba yake. Noti ya juu ni chombo tu, na wimbo ulikuwapo ili jambo fulani lifike moyoni mwa mtu. Lakini yule asemaye sauti si kitu, moyo ndio wote, naye amekosea, tena kosa lake ni la hatari zaidi kwa sababu linawafurahisha wavivu. Wapo waimbaji wengi wazee wenye huzuni za kweli na moyo mkubwa ambao hawasikiki, kwa kuwa waliacha mazoezi zamani na koo halina tena njia ya kuutoa moyo huo nje. Mnong'ono wa Bibi Cook ulifika kiti cha nyuma kwa sababu ulibebwa na mafunzo ya miaka 50. Usanii wake uliishi ndani ya ufundi kama mtu aishivyo ndani ya nyumba.

Yeye mwenyewe alilifundisha jambo hili. Katika uzee wake aliwafundisha waimbaji vijana mbele ya hadhara, na wengi walikuja na sauti kubwa kuliko yake ya wakati ule. Aliwazuia wasiionyeshe sauti kama mtu anayeonyesha saa mpya, akawataka wayaseme maneno kwanza kama wanavyozungumza na mwenzao, wawe wao wenyewe, ndipo waimbe. Hakumwambia yeyote aache kujifunza kupumua.

Ndugu askari, katika kila kambi na kila kituo cha polisi yupo mzee mmoja wa cheo cha kati ambaye hakimbii tena kama vijana. Anaposimama kandoni mwa uwanja wa shabaha, huona kosa la kuruta kabla risasi haijatoka. Vijana wasimcheke magoti yake. Naye mzee huyo asije akadhani kwamba miaka pekee inamtosha, kwa maana ujuzi usionolewa hushika kutu kama panga. Na ipo pia saa ya kuondoka. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Bibi Cook amestaafu kuimba. Tarehe 8 Agosti mwaka huo alifariki, akiwa na umri wa miaka 89, na taa za majumba ya michezo ya Broadway zikafifishwa kwa dakika moja kwa heshima yake. Sisi tunaojua maana ya tarumbeta ipigwayo kaburini tunaielewa dakika hiyo.

Basi jioni ya leo, redio itakapofunguliwa bwaloni na sauti ya mzee ikasikika ikitetemeka, tusiharakishe kuhukumu. Tusikilize kwanza kama kila neno linafika. Likifika, tujue kwamba nyuma ya sauti hiyo kuna mtu ambaye hata asubuhi ya leo ameamka akafanya mazoezi.