Kikombe Kianze na Mkono Unaokishika

Mwaka 1904, katika misheni ya Mibirizi, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Rusizi, wamisionari walipanda mibuni inayotajwa kuwa ya kwanza nchini Rwanda. Zaidi ya karne moja baadaye, kahawa ingali inalimwa kwenye milima hiyo, mashamba ya chai yanalisha kiwanda cha Shagasha, na mjini Kamembe chai ya maziwa yenye tangawizi ndiyo inayofungua siku ya watu wengi. Wilaya inayolima vinywaji viwili vinavyopendwa duniani ina haki ya kuuliza kikombe cha kila siku kinapaswa kuwaje. Jibu langu ni kwamba usanifu wa kisasa wa kikombe haupimwi kwa mchoro uliobandikwa ubavuni. Hupimwa kwa kinywaji kilichomo, mkono unaokishika, na beseni kinamooshewa.

Tuanze na kinywaji. Chai ya maziwa huja ya moto sana, tena nyingi, nayo hunywewa taratibu pamoja na chapati au andazi. Kikombe chake kinatakiwa kulinda joto bila kuunguza vidole wala midomo, kisha kioshwe upesi kwa maji machache. Kwa vigezo hivyo, kila kikombe cha sokoni kina sifa yake na dosari yake. Kile cha enameli ni bati jembamba lililofunikwa tabaka la kioo. Ni chepesi na kikianguka hakipasuki, ila bati hupitisha joto haraka: ukingo unaunguza midomo huku chai ikipoa. Tabaka hilo likibanduka, kutu huanza. Kikombe cha plastiki hakiunguzi, lakini hushika harufu na rangi ya chai, na mikwaruzo yake huficha uchafu. Glasi ngumu, kama zile za Duralex zilizoanza kutengenezwa Ufaransa baada ya Vita Kuu ya Pili, hupashwa moto mkali kisha hupozwa ghafla ili ziwe imara. Ni bora kwa maji na maziwa baridi, lakini bila kishikio zinamlazimu mnywaji wa chai azishike kwa ncha za vidole. Kauri nene hutunza joto vizuri kuliko bati, ila ni nzito na huvunjika.

Msanifu makini hufanya kazi yake katikati ya dosari hizo. Kishikio kikiwa kidogo mno, vidole viwili hubeba uzito wote na kifundo cha mkono huchoka. Kikiwa kipana mno, vikombe havipangiki kwenye rafu ya mgahawa mdogo. Ukingo mwembamba huipa midomo wepesi, lakini ukizidi wembamba humeguka. Kitako chenye shimo refu hubaki na maji machafu kikombe kinapofudikizwa kikauke. Pembe kali za ndani hazifikiwi na sifongo, hivyo masalia ya maziwa hubaki pale. Mama anayeosha vikombe vya mgahawa tangu alfajiri anayajua haya yote, na mbunifu asiyemuuliza mama huyo amekosa mwalimu wake wa kwanza.

Rangi ya ndani nayo ina kazi. Waonjaji wa chai hutumia vyombo vyeupe, na kanuni ya kimataifa ya ISO 3103, iliyotolewa mwaka 1980, inataka chai ya kuonjwa iandaliwe katika chombo cha kauri nyeupe au cha udongo uliopakwa tabaka la kioo, gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, kwa dakika 6. Weupe huonyesha kama chai imekolea au imechuja, na vilevile kama chombo ni kisafi. Mkulima wa Rusizi anastahili kuiona chai yake kama mwonjaji anavyoiona.

Siku hizi vikombe vingi vinavyouzwa kama kumbukumbu ya Rwanda huchapishwa imigongo, michoro ya mistari na pembe yenye asili yake Kirehe, Mashariki mwa nchi. Sanaa hiyo ni hazina. Lakini kuichapisha juu ya kikombe cha umbo lolote kilichoagizwa nje ni kupamba tu. Kishikio kibaya kinabaki kibaya. Nchini Finland, Kaj Franck alichukua njia nyingine. Mwaka 1953 kiwanda cha Arabia mjini Helsinki kilianza kuuza vyombo vyake vya Kilta, visivyo na maua wala dhahabu, vyenye maumbo sahili, vinavyopangika na kununulika kimoja kimoja badala ya seti nzima. Aliwafikiria watu wa nyumba ndogo baada ya vita, na hapo ndipo uzuri wa vyombo vile ulipotoka.

Rwanda haianzi sifuri. Inkongoro, chombo cha maziwa kilichochongwa kwa mti, hutoshea viganja viwili na kulingana na heshima ambayo maziwa hupewa. Wafinyanzi wa jamii ya Watwa wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi. Kilichokosekana si mikono yenye ujuzi. Chungu kinachochomwa kwa nyasi na kuni mahali pa wazi hubaki na vinyweleo vinavyofyonza maziwa, ilhali kauri ngumu huhitaji tanuri la nyuzi joto 1,200 hivi na tabaka la kioo juu yake. Karakana ya Gatagara, Kusini mwa Rwanda, imeonyesha kwamba vyombo vya namna hiyo vinaweza kutengenezwa humu nchini.

Sheria nayo inasukuma upande huo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Kikombe cha karatasi hakimalizi tatizo, maana kwa kawaida ndani yake mna utando wa plastiki. Kikombe kinachodumu miaka ndicho kinachochafua kidogo zaidi.

Kwa hiyo nawaomba wenye migahawa na hoteli za Kamembe, vyama vya wakulima wa kahawa na chai, na vyuo vya ufundi, wakae na wafinyanzi pamoja na waosha vyombo, watengeneze kikombe kimoja: cheupe ndani, chenye kishikio cha vidole vitatu, kinachopangika, kinachooshwa kwa maji machache, na cha bei ambayo mgahawa wa kawaida unaimudu. Mfinyanzi alipwe kama fundi stadi, si kama mtu wa kuonewa huruma. Na wewe msomaji, utakaponunua kikombe, kishike kwanza kama kwamba kimejaa chai ya moto, ndipo utazame mchoro wake.