Ramani ya Mchezo na Ramani ya Kijiji



Siku hizi vijana wetu hucheza michezo kwenye kompyuta. Mingine ni ya mpira, mingine ni ya magari. Ipo pia michezo ya ramani. Mchezaji hupewa nchi. Hujenga miji, hulima, hufanya biashara na hupigana vita, kama mfalme wa zamani. Leo tuutazame mchezo mmoja wa namna hiyo. Una jambo la kutufundisha sisi tuliojifunza kusoma ukubwani.

Mchezo huo unaitwa Civilization. Ulitolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 1991. Toleo lake la sita lilitoka mwaka 2016. Hilo ndilo tutakalolieleza.

Ramani yake ikoje?

Mwanzoni mchezaji haoni nchi. Ramani imefunikwa kama karatasi kuukuu. Anatuma watu wake watembee, na kila wanapofika, nchi inafunuka.

Nchi yote imegawanywa vipande vyenye pembe sita, kama sega la nyuki. Kipande hiki kina msitu, kile kina mlima, kingine ni uwanda. Mji nao hutapakaa juu ya vipande: soko hapa, bandari pale, shamba kule. Ukitazama tu, unajua mji una nini, hata kabla ya kusoma neno. Hiyo ndiyo kazi ya alama za ramani.

Je, na sisi tumo?

Tumo. Mwaka 2018 watengenezaji waliongeza Kilwa Kisiwani. Katika mchezo ni jengo la ajabu. Sharti lake ni kwamba lijengwe mahali tambarare, kando ya bahari. Hapo wamepatia. Kilwa ilitajirika kwa biashara ya baharini, hasa dhahabu na pembe za ndovu. Msafiri Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akausifu mji huo. Magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Lakini kuna kasoro. Mchezaji aliyechagua kuwa Mjapani anaweza kujenga Kilwa nchini kwake. Kijana asipouliza, atadhani Kilwa ni jina la jengo tu. Kumbe ni mji mzima, uliojengwa na watu wa pwani yetu.

Zanzibar nayo imo. Katika mchezo huo, mdalasini na karafuu hupatikana Zanzibar peke yake. Waambie hayo wakulima wa Kinole na Tawa, wanaochuma viungo hivyo hivyo Uluguru! Watacheka.

Mlima usio na watu

Tuseme kijana amerudi nyumbani likizo na kompyuta yake. Babu anakaa karibu, anatazama.

"Mjukuu wangu, hapo kwenye mlima wanaishi nani?"

"Hapaishi mtu, babu. Mlima haupitiki."

"Haupitiki? Na sisi hapa tumekaa wapi?"

Babu ameuliza jambo kubwa. Katika mchezo huo, kwa kawaida, mlima ni ukuta. Askari hapiti, mkulima halimi. Lakini Uluguru ina vilele vinavyopita mita 2,600, na watu wamejaa kwenye miteremko yake. Kabichi na karoti za Mgeta zinatoka mlimani. Ndizi za Kinole zinatoka mlimani.

Jambo moja wamelipatia. Katika mchezo, mfereji wa maji wa mji unaweza kuanzia mtoni, ziwani au mlimani. Ndivyo ilivyo kwetu. Mto Ruvu unapata maji yake Uluguru, na watu wa Dar es Salaam wanayanywa.

Mtu aliye mbali akichora mlima, huona maji na msitu. Huenda asiwaone watu. Hilo si jambo la mchezo tu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipanga namna ya kutumia ardhi ya Uluguru. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ya kulinda udongo haikuwa mbaya. Lakini udongo wa rutuba ni mwembamba huku. Ukichimba ngazi, udongo usiofaa unakuja juu. Wakulima walilijua hilo, ila hawakusikilizwa. Mwaka 1955 walikataa, pakatokea ghasia, na mpango ukavunjika.

Sasa tuje kijijini

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni Namba 5 ya mwaka 1999. Kijiji huweza kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, na mpango huo una ramani. Halmashauri ya Kijiji huuandaa, na Mkutano Mkuu wa Kijiji huupitisha. Mkutano huo ni wewe na mimi. Ramani ikibandikwa ukutani, usiitazame kama picha ya kalenda. Isome hivi:

1. Tafuta kaskazini. Geuza ramani ilingane na mlima unaouona.

2. Soma maelezo ya alama. Rangi hii ni msitu, hii ni mashamba, hii ni malisho.

3. Soma kipimo. Kikiwa 1:50,000, sentimita 1 kwenye ramani ni mita 500 ardhini.

4. Tazama mistari ya miinuko. Ikibanana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, hapo ni tambarare.

5. Tafuta shamba lako, kisima, njia na makaburi ya ukoo. Je, vimo?

Hilo la tano ndilo kubwa. Siku hizi ramani nyingi huanza na picha zilizopigwa kutoka angani. Picha hiyo inaonyesha miti na mapaa. Haionyeshi mpaka wa ukoo na ukoo, wala shamba lililopumzishwa. Shamba hilo, kwa mtu wa mbali, ni pori tu. Likipakwa rangi ya hifadhi, nawe ukanyamaza mkutanoni, kesho utaambiwa umevamia msitu.

Kwa hiyo wazee waendao polepole, akina mama wanaochota maji na vijana wanaojua kompyuta waisome ramani pamoja. Mmoja anajua alama, mwingine anajua nchi. Pasipo na kitu, mseme: "Hapa pana watu."

Kijana akikosea katika mchezo, huanza upya. Ramani ya kijiji ikishapitishwa, kuibadili ni safari ndefu ya vikao. Isome kabla hujanyoosha mkono kuikubali.