Kanuni Hufia Wapi? Mikroni 30 za Kisenyi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi kanuni ya mazingira inavyozaliwa: Bunge hutunga sheria mama, waziri huandika kanuni chini yake kwa ushauri wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kisha Gazeti la Serikali huichapa. Leo tuitazame safari ya kurudi. Nani anaweza kuiondoa kanuni hiyo, na huiondoaje?

Mfano hauko mbali. Shuka Kisenyi, mtaa wa Kampala, pita stendi ya mabasi na mashine za kusaga mahindi, uhesabu kaveera, yaani mifuko ya polithini. Sukari imo ndani ya kaveera, nyama imo ndani ya kaveera, na kaveera yenyewe inauzwa kwa mafungu ndani ya kaveera kubwa zaidi. Mvua ikinyesha, zilizotupwa huteremka hadi mfereji wa Nakivubo, nao huzisukuma kuelekea Ziwa Victoria, kwenye ghuba ileile ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya Kampala. Mgeni angeapa kwamba Uganda haijawahi kuikataza mifuko hii. Kumbe imeikataza mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa 2007, kwa njia ya bajeti: mifuko yenye unene chini ya mikroni 30 ilipigwa marufuku, na iliyozidi hapo ikabebeshwa ushuru wa asilimia 120. Mara ya pili, Sheria ya Fedha ya 2009 ilikaza kamba. Safari hii unene haukuulizwa tena. Kuingiza nchini, kutengeneza, kuuza na kutumia mifuko ya polithini, vyote vilikatazwa. Mara ya tatu ni Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019, na humo mikroni 30 zikarudi. Kinachokatazwa ni kilicho chini ya hapo.

Msomaji aisome tena aya hiyo taratibu, maana somo la leo limo humo. Marufuku kamili ya 2009 haikuhitaji hoja ya kuitengua iliyopigiwa kura kwa jina lake. Ilitosha sheria mpya kuandika tarakimu moja. Nchini Uganda kanuni haiwezi kupingana na sheria ya Bunge. Pale inapopingana, ni batili. Kwa hiyo Bunge likibadilisha mstari mmoja katika sheria mama, kila kanuni, agizo na operesheni iliyosimama juu ya mstari ule huyumba bila mtu kuigusa.

Na tarakimu yenyewe si ndogo kama inavyoonekana. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, basi mikroni 30 ni pungufu ya nusu ya unywele. Marufuku kamili inaweza kusimamiwa na askari yeyote mwenye macho: ni kaveera, au si kaveera. Marufuku ya mikroni 30 inataka kifaa cha kupimia, na aliyefundishwa kukitumia, na subira ya kubishana kibanda kwa kibanda. Mchuuzi wa Kisenyi hana kifaa hicho. Askari wa jiji naye, kwa kawaida, hatembei nacho. Ndiyo maana nasema sheria ya 2019 iliregeza marufuku kuliko wengi walivyotambua siku ilipopitishwa.

Tuwatendee haki wabunge pia. Aprili 2015 NEMA ilipoanza kuitekeleza marufuku kwa nguvu, wenye viwanda walilalamika kwamba wamezamisha mitaji na wameajiri watu, na msako ukapoa. Malalamiko hayo yana uzito, na mahali pake halali ni bungeni. NEMA haikuchaguliwa na mtu, mbunge amechaguliwa. Katiba ya 1995, ibara ya 79, inasema wazi kwamba hakuna chombo kingine chenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria ila kwa ruhusa ya Bunge. Aliyetoa ruhusa anaweza kuipunguza. Ninachogombana nacho mimi ni namna.

Tazama wenzetu. Marekani, tangu 1996, ina sheria inayoipa Kongresi siku 60 za vikao kuikataa kanuni mpya ya wakala wa serikali kwa kura ya wingi wa kawaida katika mabaraza yote mawili, kisha rais atie saini. Februari 2017 kanuni ya kuilinda mito dhidi ya taka za migodi ya makaa ya mawe, iliyotolewa miezi miwili tu kabla, iliuawa hivyo. Tena sheria hiyo ina makali ya ziada: wakala haruhusiwi kutoa kanuni nyingine inayofanana sana na iliyokataliwa mpaka Kongresi itunge sheria ya kumruhusu. Kwa maoni yangu huo ni ukatili, kwa kuwa kosa la msimu mmoja wa siasa hufunga mlango kwa miaka. Lakini mvuvi wa mto ule anajua nani alipiga kura ya ndiyo, na siku gani.

Kenya imechukua njia ya katikati. Kwa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kanuni lazima iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Isipowasilishwa, hufa yenyewe. Ikiwasilishwa, kamati maalumu huichambua na Bunge laweza kuibatilisha. Ubaya wake ni kwamba kanuni njema yaweza kupotea kwa uzembe wa afisa aliyechelewesha faili. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Kenya, iliyotangazwa Februari 2017 na kuanza Agosti 28 mwaka huohuo, wenye viwanda waliipinga mahakamani, nayo ikasalimika.

Rwanda, iliyokataza mifuko hii kwa sheria ya 2008, haikuweka mlango wa mikroni. Abiria wa basi la Kampala hulijua hilo wakifika Gatuna, wanapoambiwa wahamishe vitu vyao kutoka kwenye kaveera kabla ya kuvuka.

Uganda ingefaidika na utaratibu wa Kenya, bila ile saa ya siku saba inayoua kimyakimya: kila kanuni ya mazingira iletwe mezani, na anayetaka kuilegeza asimame, aseme, ahesabiwe. Mchuuzi wa Kisenyi naye angepata tarehe ya kwenda kusikilizwa mbele ya kamati, badala ya kugundua mabadiliko siku mzigo wake unapokamatwa.

Juma lijalo tutaingia mahakamani, katika kesi ya Greenwatch dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyofunguliwa 2002 na kuamuliwa 2012, tuone jaji alisema nini kuhusu kaveera na haki ya mazingira safi iliyomo katika ibara ya 39.