Rangi Zilizositirika katika Jiwe la Nyiragongo

Jiwe jeusi lililotapakaa Goma, hususan lile la mto wa lava wa volkano ya Nyiragongo ulioupasua mji tarehe 17 Januari 2002 hata ukaingia Ziwa Kivu, limesitiri ndani yake rangi ambazo jicho tupu halizioni, wala hadubini yenyewe haizidhihirishi zote mpaka iongezwe vichujio viwili vya nuru.

Kwanza jiwe husagwa likawa utando wa unene wa milimita 0.03, upenywao na nuru. Kichujio kilicho chini ya utando huo huipitisha nuru itetemayo upande mmoja tu, na kile cha juu kimewekwa mkingamo ili kuizuia nuru iyo hiyo, hata lau pasingekuwa na kitu baina yao, kamera iliyofungwa juu ya hadubini isingenasa ila giza. Lakini fuwele nyingi huigawa nuru mafungu mawili yenye mwendo mbalimbali, na yakutanapo tena katika kichujio cha juu, baadhi ya rangi hufifia na baadhi hushitadi. Ndipo, kati ya madini ya jiwe hilo, nefelini huonekana ya kijivu, meliliti mara nyingi buluu ya ajabu, na olivini rangi kali. Ama kioo cha volkano, yaani lava iliyopoa upesi kabla fuwele hazijawahi kujijenga, hubaki cheusi hata meza ya hadubini izungushwe duara kamili. Kwa hiyo picha ipigwayo hivyo ni shahidi wa jinsi lava ilivyopoa, na mpiga picha aongezaye rangi kwa kompyuta ili kupendeza watu huuharibu ushahidi.

Mawe ya huko yamewahi kuleta mapya katika elimu hii: mwaka 1957 Sahama na Hytönen, wataalamu wa Kifini, walieleza madini mapya kutoka Shaheru, mlima uliozimika ubavuni mwa Nyiragongo, na moja wakaliita götzeniti, kwa heshima ya Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani aliyeukwea Nyiragongo mwaka 1894. Elimu hiyo ilichimbuka kwetu, nami naona ni haki vijana wa Goma waitazame kwa macho yao.

Nanyi walimu wa sayansi, msingoje mashine ya kukatia mawe. Tafuteni vipande viwili vya polaroidi ya kawaida, ndivyo vichujio vya nuru, kimoja chini ya kioo cha hadubini ya shule na kimoja juu yake kwa mkingamo, kisha wekeni baina yao chembe za sukari na za chumvi: sukari itang'aa kwa rangi, chumvi itabaki gizani, na wanafunzi wenyewe watauliza kwa nini.