MKEKA MBICHI NI ADUI WA KIFUA

Masika yakianza, nyumba nyingi za Karatu na Ngorongoro hupata mgeni ambaye hakualikwa. Mgeni huyo ni unyevu. Hapigi hodi. Huingia kwa paa linalovuja, kwa ukuta na kwa sakafu. Kisha hukaa ndani ya zulia, mkeka, godoro na ngozi ya kulalia.

Watu wengi husema, "Ni maji tu, yatakauka." Je, yatakauka yenyewe? Hebu tutazame.

UKUNGU WA AINA MBILI

Mji wa Karatu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Masika huanza Machi mpaka Mei, kisha huja baridi ya Juni na Julai. Asubuhi nyingi ukungu hufunika milima, na jua huchelewa kuonekana. Kwa hiyo mkeka uliolowa Rhotia au Nainokanoka haukauki upesi kama mkeka wa Mang'ola, bondeni karibu na Ziwa Eyasi, ambako kuna joto.

Neno ukungu lina maana mbili. Ukungu wa kwanza ni ule wa mlimani. Huo haudhuru zulia lako peke yake, ila huchelewesha kukauka. Ukungu wa pili ni ule unaoota juu ya mkate uliolala. Huu ni jamaa ya uyoga. Kitu kikibaki kimelowa siku moja au mbili tu, unaweza kuanza kuota.

Ukungu huu hutoa vumbi laini sana. Ukikung'uta mkeka, vumbi hupaa. Ukilala juu yake, unalivuta puani usiku kucha. Huleta chafya, macho kuwasha na kikohozi. Mwenye pumu hubanwa kifua. Watoto wachanga, wazee na wagonjwa ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu hao hukaa ndani saa nyingi.

UTATAMBUAJE?

Tumia pua, macho na mikono yako.

1. Nusa. Harufu ya uvundo ni dalili ya kwanza.
2. Geuza. Zulia au godoro laweza kuwa safi juu, na chini likawa na madoa meusi, ya kijani au meupe.
3. Gusa. Weka kiganja chako. Kitu chenye unyevu huwa cha baridi na kizito.
4. Kwa ngozi ya ng'ombe, vuta manyoya kidogo. Yakinyonyoka kwa urahisi, ngozi imeanza kuoza.

MAJI YANATOKA WAPI?

Ukikausha mkeka bila kuziba njia ya maji, kesho utalowa tena. Kwa hiyo chunguza kwanza.

Chukua kipande cha mfuko wa nailoni. Kitandaze sakafuni, ukigandamize kingo zake kwa mawe usiku mzima. Asubuhi kifunue. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone upande wa juu, unyevu umo hewani: nyumba haipitishi hewa ya kutosha.

Ikiwa unyevu unatoka ardhini, chimba mtaro kuzunguka nyumba, upande wa mlimani kwanza, ili maji ya mvua yapite mbali. Inua sakafu iwe juu kuliko uwanja. Usitandike kapeti la plastiki juu ya sakafu mbichi, maana hufungia maji chini. Ikiwa unyevu umo hewani, fungua madirisha mchana, ukungu wa mlimani ukishaondoka.

Lala juu ya kitanda ukiweza. Wamaasai wana utaratibu mzuri wa kutandika ngozi juu ya fito zilizoinuliwa. Hewa hupita chini, na ngozi haigusi ardhi.

JINSI YA KUSAFISHA NA KUKAUSHA

1. Toa kitu nje siku hiyo hiyo. Usingoje mvua ziishe.
2. Jifunge kitambaa puani na mdomoni.
3. Usikung'ute ukungu mkavu ndani ya nyumba. Sugua nje kwa maji na sabuni.
4. Anika mkeka, zulia na godoro juani, juu ya kamba au fito. Geuza pande zote mbili.
5. Ngozi mbichi isiyolainishwa ianike kivulini penye upepo, mbali na ardhi. Jua kali huikausha juu na kuipasua.
6. Acha sakafu ikauke kabla ya kutandika tena.

Jihadhari! Usikaushe godoro kwa jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Godoro laweza kushika moto. Tena, hewa ya mkaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

MAJI YA MAFURIKO

Wananchi wanakumbuka mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Wanakumbuka pia maporomoko ya tope ya Desemba 2023 kule Katesh, wilayani Hanang'. Maji ya namna hiyo huchukua uchafu wa vyoo. Godoro la sponji lililonywa maji hayo halisafishiki ndani. Ni heri kulitupa. Tunajua godoro ni fedha. Lakini kama huna budi kungoja mpaka upate jingine, usimlaze mtoto juu yake. Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kushika vitu hivyo.

USINGOJE NYUMBANI

Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mpeleke zahanati mara moja ikiwa zinafika:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke pia kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au kama hawezi kunyonya. Hiyo yaweza kuwa nimonia. Kuanika mkeka hakutamponya. Anahitaji dawa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Geuza mkeka au godoro lako leo. Umeona nini chini yake?
2. Maji ya mvua huingia nyumbani kwako kwa njia ipi?
3. Nani kijijini hawezi kuchimba mtaro peke yake? Mtamsaidia lini?

Ndugu msomaji, jembe unalo na jua ni la bure. Anza kabla mvua hazijaanza.